Ndama hakui: mlonge, kitunguu saumu, hamira au magadi?

*"Daktari, naomba ushauri. Nina ndama jike wawili, chotara wa Friesian, mmoja ana wiki 9 na mwingine wiki 3. Ninaishi juu ya Usa River na ng'ombe wangu hawatoki bandani. Yule mkubwa tumbo limejaa lakini mgongo umekonda, manyoya yamesimama na hayang'ai. Kila mmoja nampa lita 3 za maziwa kwa siku, nusu asubuhi na nusu jioni, na majani tunayowakatia ng'ombe wakubwa. Jirani ananiambia nitie kitunguu saumu na hamira kwenye maziwa, mwingine anasema unga wa mlonge, mama mkwe anasema magadi kidogo. Dukani nimeuziwa unga wa 'bakteria wazuri' kwa bei kubwa. Sipendi dawa za kemikali. Je, vitu hivi vya asili kweli vinakuza ndama? Nitumie kipi, na kwa kiasi gani?"*

Ndugu yangu mfugaji, asante kwa kuandika kwa vipimo, kwa sababu umri wa ndama na zile lita 3 vimenieleza zaidi kuliko ambavyo ningeelezwa na picha. Unauliza kuhusu viongeza vya asili, nami nitavijibu kimoja kimoja. Hata hivyo, wasiwasi ninaouona ndani ya barua yako ni ule wa ndama mkubwa ambaye anakula, tumbo linajaa, lakini mwili hauji. Hilo ndilo nitakaloanza nalo, kwa kuwa faida au hasara ya kila kiongeza ulichokitaja inategemea kile ambacho ndama huyo anapata kabla ya kuongezewa chochote.

Tufanye hesabu ya maziwa. Ndama wa kilo 40 anahitaji takribani lita 2.5 za maziwa halisi, yasiyotiwa maji, ili aishi tu: apumue, asimame, atunze joto la mwili wake, bila kuongezeka hata gramu moja. Ukimpa lita 3 inabaki nusu lita ya kukulia, na kwa kuwa zinahitajika kama lita 4 au 5 za maziwa zaidi ya mahitaji ya kuishi ili kupata kilo moja ya mwili, nusu lita hiyo inampa gramu 100 hivi tu kwa siku. Ndama wako mkubwa, ikiwa amefika kilo 50, anatumia karibu lita zote 3 kwa ajili ya kuishi, na kukua kwake kote kunategemea kile anachokitafuna. Hesabu hii pia ni ya siku yenye joto. Ndama mchanga huanza kuunguza chakula chake ili ajipashe moto pale hewa inaposhuka chini ya nyuzi joto 15 hivi, na wewe unayeishi kwenye mteremko wa Meru unajua usiku wa Juni na Julai ulivyo huko juu, hasa kama sakafu ya banda ni ya saruji na matandiko yamelowa.

Kwa hiyo naomba uanze na maziwa. Yule wa wiki 3 mwongezee nusu lita kila baada ya siku mbili hadi afike lita 5 au 6 kwa siku, katika milo miwili au, ukiweza, mitatu, yakiwa na joto la mwili wa ng'ombe, yaani nyuzi 38 au 39. Yule wa wiki 9 mpe lita 4 kwa wiki chache zijazo wakati chakula chake kikavu kinarekebishwa. Najua kila lita unayompa ndama ni lita isiyofika kituo cha kukusanyia maziwa, na sisemi jambo hili kirahisi. Lita 2 za ziada kwa siku 60 ni lita 120. Ipime gharama hiyo kwa upande wa pili: mtamba anafaa kupandishwa anapofika asilimia 60 hivi ya uzito wa ng'ombe mzima, na aliyelelewa vizuri anaufikia uzito huo akiwa na miezi 15 hadi 18, wakati aliyedumaa utotoni anaweza kupita miaka miwili akila majani yako kila siku bila kukupa ndama wala maziwa.

Sasa nieleze tumbo lenyewe, kwa kuwa makosa mengi ya ulishaji yanatokana na kumdhania ndama kuwa ng'ombe mdogo. Ng'ombe mzima ana tumbo lenye vyumba vinne, na kikubwa kuliko vyote ni rumeni, mahali ambapo vijidudu huchachusha majani. Kwa ndama aliyezaliwa, rumeni ni kifuko kidogo kisichofanya kazi, na chumba kikubwa ni cha nne, chenye asidi, ambamo maziwa huganda na kusagwa taratibu. Anaponyonya, mfereji mdogo hujikunja na kuyapeleka maziwa moja kwa moja kwenye chumba hicho bila kupitia rumeni. Maji anayokunywa mwenyewe kwenye ndoo, pamoja na chakula kikavu, huingia kwenye rumeni, na hapo ndipo vijidudu vyake huanza kuishi.

Ukienda buchani ukautazama ule utumbo ambao wauza supu huuita taulo, utaona vinyweleo vilivyosongamana. Hivyo ndivyo hufyonza chakula ndani ya rumeni, na ndama hazaliwi navyo vikiwa vimekua. Vinakuzwa na asidi zinazotokana na wanga wa nafaka unaochachuka humo, wala si majani. Majani hutanua rumeni na kuimarisha misuli yake, na hayo nayo yanahitajika, lakini ndama wa wiki 9 aliyejazwa matete yaliyokomaa na mabua ya mahindi ana rumeni pana yenye kuta laini zisizofyonza kitu. Majani hukaa humo muda mrefu bila kumeng'enywa, tumbo linavimba, na protini ya kujenga mgongo na mapaja haipatikani. Ndama uliyemweleza anafanana sana na huyu, ingawa minyoo nayo huleta sura hiyohiyo, na nitairudia hapo chini.

Hapa kuna dhana mbili ambazo ningependa uziache. Ya kwanza ni ya kuongeza uji wa ulezi au wa mahindi kwenye maziwa ya ndama mchanga ili "yawe mazito". Katika wiki za mwanzo utumbo wake hauna uwezo wa kutosha wa kusaga wanga, na hauna kabisa kimeng'enya cha kusaga sukari ya dukani. Sukari na uji vinavyopitia njia ya maziwa hufika kwenye utumbo wa nyuma vikiwa vizima, vinachachushwa na bakteria wa huko, na ndama anaharisha. Nafaka ileile, ikiliwa kavu kutoka kwenye chombo chake, inaingia kwenye rumeni na kuijenga. Dhana ya pili ni kwamba kitu cha asili hakiwezi kudhuru. Mashudu ya pamba ni ya asili, lakini yana sumu iitwayo gosipoli ambayo rumeni ya ng'ombe mzima huipunguza makali na ya ndama haiwezi. Usimpe ndama wa umri huu.

Pengine utajiuliza vitu hivi vya asili vilianzaje kusifiwa hivyo. Kwa miongo mingi wafugaji wa nchi zilizoendelea walichanganya viuavijasumu (antibiotiki) kwa kiasi kidogo kwenye chakula cha mifugo ili ikue haraka. Jambo hilo lilichangia kuzaliwa kwa vijidudu sugu visivyosikia dawa, na Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku desturi hiyo kuanzia tarehe 1 Januari 2006. Watafiti na viwanda wakageukia vitunguu, mimea yenye mafuta ya harufu, hamira na bakteria rafiki, wakitafuta kitu kitakachodhibiti vijidudu vya tumboni bila madhara yale. Kazi ya viongeza hivi, basi, ni kutuliza tumbo zaidi kuliko kulisha. Ndiyo maana vinaonyesha faida pale ambapo ndama huharisha mara kwa mara au wako katika msukosuko, na kwa ndama anayekula vizuri katika banda kavu faida yake ni ndogo, na mara nyingine haionekani kabisa. Kwa ndama mwenye njaa havina cha kutuliza.

Kitunguu saumu kina kemikali iitwayo alisini, inayojitokeza punje inapopondwa na kuharibika ikichemshwa, nayo huzuia baadhi ya bakteria. Ukitaka kukijaribu, ponda punje moja au mbili, ziache dakika kumi, kisha umpe kwa siku kadhaa katika maziwa vuguvugu. Usizidishe kwa kudhani kwamba nyingi ni bora. Jamii ya vitunguu, ikitolewa kwa wingi, hupasua chembe nyekundu za damu, na ng'ombe ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika kwa urahisi, hasa na kitunguu maji. Katika eneo lenye kupe kama letu, ndama anaweza kuwa tayari anapungukiwa damu kwa ndigana baridi bila wewe kujua.

Mlonge ni habari nyingine, na hapa jirani yako ana hoja nzuri, ila ameuita dawa kitu ambacho ni chakula. Majani yake makavu yana protini ya robo ya uzito wake au zaidi, pamoja na madini na vitamini. Yakaushe kivulini ili yabaki ya kijani, yasage au yafikiche, na uyachanganye kwenye chakula kikavu, si kwenye maziwa: kiganja kimoja kwa siku kwa yule mkubwa, na mdogo umwonjeshe tu. Majani ya lukina, ule mti wa malisho, nayo yana protini nyingi, lakini yana kemikali iitwayo mimosini ambayo husababisha kunyonyoka manyoya na kudumaa, kwa hiyo kwa ndama yawe kidogo sana hadi atakapokomaa tumbo. Majani ya viazi vitamu yaliyonyaushwa kwa nusu siku juani ningeyapendelea kuliko yote mawili, kwa kuwa ni laini, ndama huyapenda, na huko kwenu yanapatikana.

Kuhusu hamira, ile ya mkate ni jamii moja na hamira zinazotengenezwa kwa ajili ya mifugo, lakini si aina ileile iliyochaguliwa kwa kazi ya rumeni. Hamira ya mifugo ikichanganywa kwenye chakula kikavu inaweza kumsaidia ndama kula zaidi kidogo. Hamira ya mkate katika maziwa ya moto hufa, na katika maziwa vuguvugu yenye sukari hutoa gesi. Sioni sababu ya kuitia kwenye ndoo ya maziwa.

Ule unga wa bakteria ulioununua usiutupe. Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi na maelezo ya hifadhi, kwa sababu unafanya kazi bakteria wakiwa hai tu, na pakiti iliyokaa dirishani kwenye jua inaweza kuwa haina kitu. Wakati wake wa maana ni wiki za kwanza za maisha, siku za kuachishwa maziwa, na baada ya tiba ya kiuavijasumu iliyowaua bakteria wazuri pamoja na wabaya. Kwa ndama wako wa wiki 3 una mantiki. Kwa yule wa wiki 9, fedha hiyo ingenunua mashudu ya alizeti.

Na mshubiri, ambao hukuutaja lakini najua utashauriwa, usimpe ndama. Utomvu wake ni wa kuharisha, na ndama hana maji ya kupoteza.

Nimeyaacha magadi mwisho kwa makusudi, na naomba umfikishie mama mkwe maneno haya kwa heshima, kwa kuwa desturi hiyo ina sababu yake. Ng'ombe anahitaji chumvi, na wazee wetu waliipata kwenye magadi na kwenye udongo wa chumvichumvi. Tatizo ni kwamba magadi ya ukanda wetu, pamoja na chumvi, huja na floraidi, na sisi wa kandokando ya Mlima Meru tunaishi juu ya miamba ya volkano ambayo tayari inaitia floraidi kwenye maji. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa ya binadamu yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kuna vyanzo vya Arumeru vinavyozidi kiwango hicho mara kadhaa. Watu wa Maji ya Chai na Ngarenanyuki hawahitaji kuelezwa maana yake, kwa kuwa wanaiona kwenye meno ya watoto wao. Meno ya kudumu ya ndama hutengenezwa ndani ya taya katika miezi ya mwanzo na miaka inayofuata, na floraidi anayoipata wakati huo huyafanya yatoke yakiwa na madoa ya kahawia, laini, yanayosagika upesi. Ng'ombe wa miaka mitano mwenye meno ya bibi kizee hawezi kusaga majani ya kumletea maziwa. Zaidi ya hayo, magadi yakitiwa kwenye maziwa hupunguza asidi ya kile chumba cha nne, na maziwa yasiyoganda vizuri hupita haraka na kuharisha. Jiwe la kulamba la mifugo, lenye chumvi na madini mengine, linatimiza kile ambacho mama alikitaka, bila hatari hiyo. Kama una njia ya kukinga maji ya mvua kutoka kwenye bati, ndama wawe wa kwanza kuyanywa.

Hapo kwenye maji nisimame kidogo, maana hukuyataja popote. Niliwahi kuingia banda moja la Nkoaranga ambako mfugaji mwenye bidii kubwa alikuwa na mkebe uliojaa pakiti za virutubisho, saba kwa hesabu yangu, zimefungwa vizuri kwa mpira. Ndama wake alikuwa analamba bomba la nje la maji lililokuwa likitoa tone moja moja. Tulimwekea ndoo, akanywa akiwa amefumba macho, akapumzika, akanywa tena. Wengi huamini kwamba maziwa yanatosha kuwa maji, lakini nimeshaeleza kuwa maziwa hayapiti kwenye rumeni. Bila maji, vijidudu vya rumeni haviishi na ndama hali chakula kikavu. Ndoo ya maji safi iwe mbele yake tangu wiki ya kwanza, imwagwe na kuoshwa kila siku.

Chakula kikavu chenyewe unaweza kukichanganya nyumbani. Kwa kilo 100 chukua mahindi yaliyoparazwa kilo 45, pumba za mahindi kilo 18, mashudu ya alizeti kilo 20, soya iliyokaangwa na kusagwa kilo 14, chokaa ya mifugo kilo 1.5, madini ya mchanganyiko kilo 1 na chumvi nusu kilo. Utapata protini ya asilimia 16 hivi. Soya lazima ikaangwe, kwa sababu mbichi ina kitu kinachozuia protini kusagwa. Mahindi na mashudu yanuse na uyafikiche mkononi kabla ya kununua. Yenye ukungu au yaliyogandana yaache hata yakiwa nusu bei, kwani sumukuvu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 haimhurumii ndama. Usitie urea. Ndama wa wiki 3 mwekee konzi moja tu, ubadilishe kila siku, na umpake kidogo mdomoni baada ya maziwa ili aionje. Mkubwa mwachie ale atakavyo, ukiongeza taratibu, na usimwachishe maziwa mpaka ale kilo moja kwa siku kwa siku tatu mfululizo.

Ili usitegemee macho, ambayo hudanganywa na tumbo, tafuta kamba ya katani isiyovutika. Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya maziwa, izungushe kifuani nyuma tu ya miguu ya mbele, ikaze bila kubana, na ufunge fundo mahali inapokutana. Kamba moja kwa kila ndama. Mafundo yakiachana kila wiki, ndama anakua. Fundo likiangukia juu ya jingine kwa wiki mbili, kuna jambo. Ukitaka kujaribu kiongeza chochote, kianze baada ya kupata mafundo matatu bila hicho, na usianze viwili kwa pamoja, vinginevyo hutajua kipi kilifanya kazi.

Umesema hupendi dawa za kemikali, na ninaielewa hofu hiyo, hasa kwa jinsi viuavijasumu vinavyouzwa ovyo. Lakini kuna hali ambazo kitunguu na mlonge vitakupotezea siku ambazo ndama hana. Mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo ukiona homa inayozidi nyuzi 39.5, tezi zilizovimba chini ya masikio au mbele ya bega, kukohoa au kupumua kwa shida, kwa maana hizo ni dalili za ndigana kali inayoletwa na kupe wa masikio, nayo huua ndama ndani ya wiki chache tangu aambukizwe. Vilevile akiharisha damu, macho yakizama, akishindwa kusimama au kunyonya, au kitovu na magoti yakivimba. Wakati unamsubiri daktari wa ndama anayeharisha, usimnyime maziwa. Katikati ya milo mpe maji yaliyochanganywa na pakiti za ORS za duka la dawa, ambazo zina glukosi anayoweza kuifyonza.

Ndama wako wa wiki 9 anahitaji kuonwa na mtu hata kama hana dalili hizo. Mwombe afisa mifugo wa kata yako ampime joto, atazame weupe wa ndani ya kope, na achukue kinyesi kibichi, kiasi cha kujaza kisanduku cha kiberiti, kipelekwe Arusha kwenye maabara ya TVLA, yaani Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, kuangaliwa mayai ya minyoo na kokisidia, vijidudu vya utumbo vinavyoharisha ndama. Akikutwa na minyoo, dawa ipimwe kwa uzito wake halisi. Muulize pia kuhusu chanjo ya ndigana kali kwa ndama wote wawili, na mwonyeshe ile kamba, hata kama ina fundo moja tu.